Pakua Sasa?

Poleni wote mlionilaani wiki nzima. Najua nimewakosea. Nilimwacha Mama Breki kwenye kiti cha kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, kioo cha kompyuta kimewaka chenyewe mbele ya macho yake, na mdogo wake wa tumbo moja yuko ndani ya tangi la ngano nyuma yake. Kisha nikaweka nukta, nikaenda zangu kulala. Haya, turudini kabla hajazimia.

Kioo kiliuliza swali la maneno mawili tu, na chini yake vitufe viwili, NDIYO na BAADAYE.

PAKUA SASA?

Damu ilimganda Mama Breki. Dereva wa kombaini hahitaji kamusi kwa neno hilo. Kupakua ni kuliamsha lile parafujo refu la chuma lililolala chini ya tangi, lizunguke, livute ngano yote chini na kuitapika nje kwa bomba. Parafujo halichagui. Likipata ngano linavuta ngano, likipata mtu linavuta mtu.

"Nati!" alipiga ukelele. "Toka! Toka humo!"

"Kuna nini?" Sauti ya mdogo wake ilitoka nyuma ya ukuta wa bati, nzito, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa.

"Inataka kupakua! Toka nakwambia, itakusaga!"

Hakungoja jibu. Alikipiga kioo kwa kiganja kizima, pale palipoandikwa BAADAYE. Kioo kikazimika.

Kutoka ndani ya tangi kikaja kicheko. Ndiyo, kicheko! Mtu anakaribia kusagwa, anacheka.

"Dada, injini imewaka?"

"Imezimwa."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Sasa itapakuaje, kwa maombi?"

Mama Breki aligeuka na kuchungulia kwenye kidirisha kilicho nyuma ya kiti. Kupitia kioo chenye vumbi alimwona Nati amekaa juu ya ngano, peku, kofia yake ya kitambaa cha rangi ya mchanga imepinda kichwani, meno yote nje.

"Hiyo ni pakua ya mtandao," Nati alisema. "Kampuni wanataka kushusha programu mpya kwenye mashine. Waliotafsiri hicho kioo walikaa ofisini kwenye kiyoyozi, hawajui kwamba shambani kupakua ni kumwaga ngano. Neno moja, kazi mbili."

"Wapuuzi wakubwa! Nusura nife."

"Nusura ufe wewe? Na mimi niliye humu je?"

Wakacheka wote wawili, kicheko kile cha watu waliotoka kuogopa. Mama Breki alijifuta macho kwa mkono wa shati. Mtu ana mdogo mmoja tu duniani, na mdogo mwenyewe ndiye huyu, hodari wa kuingia mahali ambapo hata panya angefikiri mara mbili.

Kwa anayeanza leo, nieleze kwa kifupi nisije nikaulizwa barabarani. Kombaini ni ya Mama Breki. Ameilipia yote, hakuna anayemdai. Lakini akili ya kombaini, ile kompyuta, Kampuni wanasema ni yao, na haiguswi bila ruhusa yao. Jana kihisi kidogo cha kwenye kifuniko cha tangi kiliharibika. Kitu chenyewe ukubwa wa kidole gumba! Kompyuta ikadhani kifuniko kiko wazi, ikagoma katikati ya shamba, tangi limejaa zaidi ya nusu, na wingu la mvua limetanda kule mbele likiwatazama. Kampuni wakasema subirini zamu yenu. Mvua haijui zamu.

Basi akaitwa Nati. Nati aliwahi kuwa fundi wa Kampuni hao hao, wakamfukuza kwa kosa la kufundisha wakulima kujitengenezea. Wakampeleka na mahakamani. Jaji akamwambia wazi: nikisikia umegusa tena kombaini ya hawa watu, utalala ndani.

Na kweli alikuwa ameigusa. Chini ya kiti cha dereva, Nati alikuwa amechomeka waya wa njano, akaunganisha hapa na pale, kompyuta ikadanganyika kwamba kifuniko kimefungwa. Kisha akapanda tangini, kifuniko kikiwa wazi, ili abadilishe kihisi chenyewe.

"Dada, sikiliza nyingine hii, uikariri," Nati alisema huku akifungua skrubu. "Huo waya wa njano hapo chini usiuguse. Ukiuchomoa tu, mashine inajua kifuniko kiko wazi, parafujo halizunguki ng'o. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kuhusu pakua. Ya mtandao huwa inakuja injini ikiwa imezimwa. Lakini ukiona pakua injini ikiwa inanguruma, hiyo sasa—"

Piiip! Piiiiip!

Honi. Gari jeupe lilikuwa linakuja kwenye njia ya shambani, linapiga kona kama la mwenye shamba. Kwenye mlango wake kulikuwa na nembo ya Kampuni.

Mama Breki aliinama kidirishani. "Nati! Bwana Ruhusa huyo!"

Bwana Ruhusa ni wakala wa Kampuni. Jina lake la kuzaliwa wakulima wameshalisahau, maana mtu akimwuliza lolote, hata saa ngapi, jibu lake ni moja: ngoja niombe ruhusa.

"Toka, ukimbie," Mama Breki alinong'ona.

"Nikimbilie wapi? Ngazi inatazama barabarani, ataniona nikiwa hewani." Nati alizungusha macho, kama sungura aliyezibiwa shimo. Kisha akafanya jambo ambalo dada yake atalikumbuka mpaka kaburini. Alilala chali juu ya ngano, akajivutia ngano kwa mikono yote miwili, miguuni, tumboni, kifuani. Akajifunika kofia usoni. "Mwondoe haraka, dada. Inawasha."

Jaji alisema atalala ndani. Nati akachagua ndani nyingine.

Bwana Ruhusa alipanda ngazi ya kibini, kile chumba cha dereva, polepole, mkoba wa kompyuta begani, tai imebana shingo, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi nalo linamwomba ruhusa.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, bwana. Karibu. Mbona ghafla?"

"Mashine yako ilinipigia simu." Alikaa kwenye kiti kidogo cha pembeni, akapakata kompyuta. "Ilikuwa imegoma, sasa inasema iko salama. Nani kaitengeneza?"

"Imejitengeneza."

"Aa." Alitabasamu. "Kompyuta inasema kifuniko cha tangi kimefungwa. Mimi nimekiona kwa macho yangu kiko wazi. Sasa nimwamini nani, mama?"

Mama Breki alijifanya anafuta vumbi kwenye usukani. "Amini kompyuta, bwana. Si ndiyo mliyotuuzia?"

Bwana Ruhusa alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. Akachomeka waya wa kompyuta yake chini ya usukani. Kitu kikalia ti-ti. "Nikishaunganisha hii, mama, ufunguo wako ni pambo. Mashine inanisikiliza mimi. Haya, washa injini."

"Injini ya nini?"

"Tunapakua programu mpya. Ulikataa muda si mrefu, nimeona. Injini ikiwa imezimwa, betri inaweza kufa katikati ya kazi." Alimkazia macho. "Kuna tatizo?"

Tatizo! Tatizo limelala nyuma ya kiti na kofia usoni. Mama Breki alitaka kulisema. Neno lilifika kwenye ulimi, likagonga meno, likarudi. Akamwona Nati na pingu. Akaona mlango wa jela, na yeye nje na chakula kwenye mfuko wa plastiki. Akajiambia: injini peke yake haina dhambi. Injini haizungushi parafujo mpaka iambiwe. Awashe, huyu mtu amalize, aende zake.

"Hakuna tatizo," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imebaki kidogo tu.

Aliwasha. Kombaini ikakohoa, ikanguruma, kibini kizima kikatetemeka, chupa ya maji ikaanza kucheza sakafuni. Mama Breki aligeuza shingo, akatupia jicho kidirishani. Ngano ilikuwa imetulia. Kofia ilikuwa palepale.

"Unatazama nini huko nyuma?"

"Ngano yangu."

"Ngano haikimbii, mama." Bwana Ruhusa aligongagonga vidole kwenye kompyuta. "Mdogo wako hajambo? Fundi wetu wa zamani?"

"Hajambo. Yuko safarini."

"Amesafiri na viatu vyake?"

Swali gani hilo? Mama Breki hakulielewa, wala hakutaka kulielewa. "Kila mtu anasafiri na viatu vyake," alijibu.

"Si kila mtu," alisema Bwana Ruhusa.

Kioo kikawaka.

PAKUA SASA?

"Hiyo hapo. Bonyeza NDIYO. Mkataba unataka kidole cha mwenye mashine, si changu."

Mama Breki aliitazama. Safari hii hakushtuka. Ameshacheka nayo hii! Pakua ya mtandao, ya wapuuzi wa kiyoyozi. Abonyeze, programu ishuke, gari jeupe liondoke, Nati atoke akijikuna. Alinyoosha kidole.

Msomaji, najua unapiga kelele huko uliko. Na mimi napiga. Lakini yeye hatusikii.

Akabonyeza NDIYO.

Upande wa kushoto wa mashine, bomba refu la kumwagia ngano likaanza kujikunjua taratibu.

Mama Breki akaliona likipita mbele ya dirisha. Akalitazama kama anayetazama mkono wa mtu mwingine. Programu haina haja ya bomba. Programu haipiti kwenye bomba! Ndipo maneno ya Nati, yale yaliyokatwa na honi, yakajimalizia yenyewe kichwani mwake. Ukiona pakua injini ikiwa inanguruma, hiyo sasa ni ya ngano.

Chini ya tangi kitu kikasema krrrk. Parafujo likaamka.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Zima! Mdogo wangu yumo ndani ya tangi!"

Alizungusha ufunguo. Ukazunguka bure, kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Injini haikujali. Alizungusha tena, akauchomoa kabisa, akabaki ameushika mkononi, na kombaini inanguruma tu.

Bwana Ruhusa alikuwa ameganda. Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

"Nilijua yumo," alisema kwa sauti ndogo.

"Unasema nini?"

"Viatu. Viko chini ya ngazi. Nimefanya naye kazi, Nati haingii kwenye chakula cha watu na viatu." Alipangusa uso kwa tai. "Nilitaka kukutisha tu, useme mwenyewe. Nilijua injini haimfanyi kitu. Nilidhani tunapakua programu! Wallahi mama, nilidhani programu!"

"Izime basi!"

"Inataka namba ya kuzimia. Namba iko makao makuu. Mimi sina ruhusa!"

Mama Breki hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama kidirishani, na alichokiona kilimtoa sauti ambayo hakujua anayo. Ngano ilikuwa inabonyea katikati. Inateremka kuelekea kwenye lile bonde, laini, bila haraka, na ile kofia inaifuata. Mkono mmoja ukachomoza, ukapapasa hewa, ukashika ngano. Nani aliwahi kushika ngano ikamshikilia?

Mkono ukazama. Kofia ikafika katikati, ikageuka, ikazama nayo.

"Naaati!"

Waya. Waya wa njano! Alijitupa sakafuni, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa sponji iliyochanika, mchanga, spana, kitambaa cha mafuta. Kucha ikang'oka, wala hakuisikia. Kidole kikagusa waya mwembamba. Akauvuta kwa nguvu zake zote, na nguvu za mama yake aliyewazaa wote wawili.

Ving'ora vikalia kwenye kibini. Kioo kikawa chekundu. KIFUNIKO KIKO WAZI. Chini ya tangi parafujo likasema krrrk mara ya mwisho, likasimama.

"Piga simu!" alimfokea Bwana Ruhusa. "Waambie waizime kabisa, wasiiguse mpaka nimtoe! Unasikia?"

"Napiga, mama, napiga!" Alikuwa ameshaweka simu sikioni, na kutoka kwenye simu ukawa unasikika muziki laini na sauti ya dada mmoja mpole: simu yako ni muhimu sana kwetu.

Mama Breki alipanda juu ya tangi kama hajawahi kuwa na goti bovu maishani. Alichungulia ndani.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ngano tu, safi, ya dhahabu, imefanya bonde katikati. Ngano aliyoilima mwenyewe, aliyoipalilia, aliyoiombea mvua. Leo aliichukia kuliko kitu chochote duniani.

Alilala kifudifudi ukingoni, akachimba. Alichota kwa viganja, akatupa nje, na kila alipotoa, nyingine ilishuka kujaza. Akaacha kuchota. Akauzamisha mkono mzima mpaka kwapani, shavu limelala kwenye ngano, macho amefumba, anapapasa gizani.

"Nati. Mdogo wangu. Nishike. Niko hapa dada yako, nishike."

Hakuna.

Alijisogeza mbele, kiuno kizima sasa kiko ndani ya tangi, vidole vya miguu tu ndivyo vimejishikiza kwenye ukingo wa bati. Akazamisha tena, chini zaidi. Akagusa kitambaa. Akagusa kitu cha moto, chenye uhai.

Vidole vikamshika.

Mama Breki alilia kwa sauti. Vilikuwa vimemshika haswa, kwa nguvu, vidole vya fundi vyenye sugu. Yuko hai! "Nimekupata! Usiachie! Nakuvuta, usiachie!" Akaanza kuvuta. Ngano ilikuwa nzito, lakini mkono ulikuja, kidogo, kidogo tena.

Huko kibini muziki wa simu ulikatika. Alimsikia Bwana Ruhusa akizungumza mbio mbio, ndiyo bosi, hapana bosi, imekwama bosi. Kisha, alipogeuza shingo, akaona kichwa chake kikichomoza juu ya ukingo wa tangi, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mama! Mama, ruhusa imetoka!"

"Ruhusa ya kuizima?"

"Nimewaeleza kila kitu! Nimewaambia imekwama katikati ya kupakua, na kuna mtu anahangaika nayo. Wamesema tusiwe na wasiwasi, kifuniko kinasumbua tu, hiyo alama wataipuuza." Alinyanyua simu juu ili naye aisikie. "Wanaiwasha kutoka huko huko, imalizie!"

"Imalizie nini?" Mama Breki aliuliza, ingawa alishajua. "Imalizie nini, wewe mtu?"

Tabasamu la Bwana Ruhusa likaanza kufa. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe, sasa hivi, likiwa limeshavuka mlima na kufika ofisini.

"Kupakua," alisema.

Chini ya tumbo la Mama Breki, ngano ikatikisika. Vidole vilivyokuwa vimemshika vikambana zaidi, kisha vikaanza kumvuta chini.